Karani wa Mto na Jina la Juu ya Ukurasa

Namshukuru Mungu aliyeniacha nizeeke nikiwa na macho ya kusoma na masikio ya kusikia wimbo ukianzishwa. Yeye peke yake ndiye anayejua kila damu iliyomwagika katika mchanga wetu, hata ile ambayo hakuna aliyeiandika. Sifa ziwe zake kabla sijasema neno lolote juu ya mwanadamu.

Mtu ninayetaka kumweleza tulimwita Karani. Alikuwa na jina la ubatizo na jina la babu yake, lakini hata mkewe alimwita Karani, akimtuma kuni au akimwombea. Alikuwa karani wa kamati ya mto, huku kwetu upande wa Kanyangi, tangu malori ya kwanza ya mchanga yalipokuja. Mgeni ni lazima aelewe jambo moja. Mto wetu hauna maji ya kuonekana sehemu kubwa ya mwaka. Maji yamelala chini ya mchanga. Tunachimba, tunateka, tunanywesha mbuzi. Lori likiondoka na mchanga limeondoka na maji. Kwa hiyo wanaoulinda mchanga na wanaoupakia wamekatana kwa mapanga na sururu miaka mingi, na mara nyingi ni watu waliokula chungu kimoja. Kila aliyekatwa, na kila aliyemwona mwenzake akikatwa, alikwenda kwa Karani. Yeye aliyaandika yote katika madaftari ya shule na kuyafungia katika sanduku la bati.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibaki mtoni siku walinzi waliposimama mbele ya magurudumu. Watoto walipomuuliza viko wapi, aliwaambia, "Nimevitanguliza, vinanishikia nafasi." Kalamu aliibana kati ya kidole gumba na kile kidogo cha mwisho, na mwandiko wake uliinama upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na mafuriko. Mimi mwenyewe, niliyesoma naye Biblia jioni nyingi, nilihitaji kuugeuza ukurasa kidogo ili nimwelewe.

Waliojeruhiwa aliwaketisha kwenye benchi nje ya jiko lake. Mkewe alikuja na leso na maji ya chumvi. Yeye alikuja na daftari na tepu ya fundi wa nguo. Alipima kila jeraha, urefu na kina, kama mtu anayepima suruali. Nilikuwepo siku alipoletewa mlinzi mmoja, sikio likining'inia kwa ngozi tu na shati limeganda damu.

"Alikukata nani?" Karani akauliza.

"Karani, si uniache nife kwanza."

"Hufi. Sikio haliui mtu. Alikukata nani, na alisimama wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Basi hukumwona. Naandika hukumwona."

"Lakini najua ni yeye! Kijiji kizima kinajua!"

"Unajua, hukuona. Hayo ni madaftari mawili, na mimi ninalo moja tu."

Yule mtu alimtukana mpaka mama mkwe wake. Karani akangoja amalize, akapima sikio.

Alikuwa hivyo. Alitaka lililoonekana, na hakuongeza hata kivuli. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa sikuwahi kumuuliza aliupangaje ukurasa wake, jina lipi likae wapi na kwa nini. Miaka yote hiyo sikuuliza, na hiyo ndiyo sababu ninaandika leo.

Hakuweza kuchinja kuku. Hili lilichekesha watu. Sikukuu ikifika, jirani wa kike aliitwa aje na kisu, naye Karani akaenda nyuma ya choo mpaka kelele ziishe. Mtu yuleyule aliwahi kumpasua mpakiaji kichwa kwa beleshi. Ilikuwa katika vita vya kugombea kisima cha shule. Karani alitumwa kuandika, si kupigana, lakini alipoona mlinzi wetu ameangushwa na anakanyagwa shingoni, aliweka daftari chini kwa uangalifu, akaokota beleshi, akapiga mara mbili. Pigo la pili halikuhitajika. Alisema hivyo mwenyewe, nami nimelikumbuka. Yule mpakiaji alipona mwili, lakini tangu siku hiyo hakujua tena majina ya watoto wake.

Jioni hiyo hiyo Karani aliandika ukurasa wa tendo lake kama angeandika la mtu mwingine, urefu wa jeraha na mahali aliposimama mpigaji, akaupeleka kwa wazee. Nyumba mbili zilipatana, mbuzi wakachinjwa na mtu mwingine. Lakini tangu hapo Karani hakuigusa Meza ya Bwana. Alikuja kanisani kila Jumapili, akaimba besi, na sahani ya mkate ilipomfikia aliipitisha kwa jirani yake. Nikiwa mzee wa kanisa nilimkemea.

"Mungu amekusamehe. Kwa nini unamkatalia?"

"Najua amesamehe, Mzee. Namngoja yule mwingine."

"Yule mwingine hata hakumbuki ulimfanya nini!"

"Ndiyo maana inachukua muda."

Na kila Jumamosi alivuka mto kwenda kumnyoa ndevu mtu huyo na kukaa naye kivulini. Siku nyingine yule mtu alimshukuru, siku nyingine alimtemea mate.

Wapo waliotaka madaftari yateketee. Adhuhuri moja walikuja watano wenye petroli katika jerikeni. Karani aliketi juu ya sanduku akakataa kuondoka. Walimpiga mgongoni kwa mnyororo wa baiskeli mpaka shati likaingia ndani ya nyama. Yeye alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Walipofika kumi na tisa mmoja wao alishikwa na haya, akasema, "Twendeni bwana, huyu ni mwendawazimu," wakaenda. Nilipomsaidia kulivua lile shati, alichoniambia ni, "Mapigo yaliyohesabiwa ni kumi na tisa. La kwanza lilinipata kabla sijaanza. Andika ishirini."

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kamati ya amani ilitangaza kikao. Mambo yote ya mto yangesikilizwa, na madaftari ya Karani yangesomwa mbele ya watu. Lakini nani asome? Kila mtu wa huku ana mbai, yaani ukoo, na kila anayesoma hudhaniwa ameruka ukurasa wa ndugu yake. Safari iliyotangulia tulijaribu kusoma pale sokoni. Viti vilirushwa kabla ya daftari la pili, na mtu mmoja akapoteza jicho. Ndipo mimi nikasimama nikasema, "Tutafute mashine isome. Mashine haina mbai." Watu walipiga makofi, nami nilijisikia mwenye hekima.

Karani hakupiga makofi. Alisema, "Haina mbai, kweli. Lakini itaelezwa kazi na mtu mwenye mbai." Wiki ile ngiri ilimzidi, akapelekwa hospitali ya misheni kule Mutomo apasuliwe. Alinipa ufunguo wa sanduku akiwa ameshika tumbo. "Anza, Mzee. Lakini kisitoke kitu nje kabla sijakiona."

Nilibeba madaftari hadi Sultan Hamud, kwa Mwende, binti wa dada yangu. Ni mwanamke mzima mwenye ofisi yake ya kompyuta katika safu ya maduka, na anajulikana kwa kutokubali upuuzi. Alipiga picha kurasa zote kwa siku mbili. Kisha akanivutia kiti karibu na skrini.

"Mjomba, sikiza. Huyu tunamwita wakala. Ni akili mnemba. Unampa kazi, anaipanga, anaifanya hatua kwa hatua bila kushikwa mkono. Shida ni kwamba hawezi kusoma mwandiko wa rafiki yako. Macho yenyewe yapo kwa huduma nyingine, huko mbali. Ukiipa picha ya ukurasa inarudisha maneno, kila neno kwenye chumba chake: jina, mahali, silaha, jeraha."

"Na hao wawili wanajuanaje?"

"Si ndiyo kazi yangu? Ile huduma imenipa ufunguo." Akanionyesha mstari mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka. "Nauweka hapa. Wakala akifika mlangoni anabisha nao, anafunguliwa."

Alijaribu ukurasa mmoja. Maneno ya Karani, yale yaliyoinama, yalitokea kwenye skrini yamesimama wima. Nilimsifu Mungu kwa sauti, Mwende akacheka.

"Ngoja kwanza. Vyumba vinataka majina yake. Hili jina la juu, la herufi kubwa, ni la nani? Na hili dogo la chini kabisa?"

Nimeshika kitabu cha nidhamu cha kanisa letu miaka mingi. Katika kitabu hicho jina la aliyekosa huandikwa juu, kwa herufi kubwa, ili lionekane na kuombewa. Na jina la aliyeleta habari huandikwa chini, dogo, kumsitiri. Hata sikufikiri.

"La juu ni la mkosaji. La chini ni shahidi."

"Una hakika?"

"Mwende, nimeandika vitabu kabla hujazaliwa."

Aliandika maagizo hayo kwa wakala. Kisha akasema, "Akimaliza nimwambie asimame, tumngoje Karani aangalie?"

"Kikao ni Jumanne. Mwambie akimaliza atume kwa kikundi cha wazee kwa simu."

"Zote? Bila mtu kuangalia?"

"Si tulimtafuta kwa sababu si mtu?"

Mwende akabonyeza.

Jumapili asubuhi, tukiwa katika wimbo wa pili, simu zilianza kunguruma mifukoni. Orodha ilikuwa imefika kwa wazee, na wazee wana watoto, na watoto wana vikundi vyao. Mwaka uliotangulia kijana aitwaye Mumo alikuwa ameuawa mtoni kwa sururu. Aliyeona ni Mama Mutheu, mjane aliyeuza uji kwenye ukingo wa mto. Alikwenda kwa Karani akasema amemwona Nzioka, kiongozi wa wapakiaji na mjomba wa Mumo mwenyewe. Sasa katika orodha ile mkosaji alikuwa Mama Mutheu, na shahidi alikuwa Nzioka.

Mama Mutheu alikuwa benchi la tatu, akiimba.

Tulipotoka, Nzioka alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, simu mkononi, akisoma kwa sauti. "Mmesikia? Haijasemwa na mtu! Mashine haina mbai!" Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Kaka wawili wa Mumo walisikiliza, midomo wazi.

"Nzioka," Mama Mutheu alisema, "wewe mwenyewe wajua ni nani."

Nzioka alimpiga ngumi ya mdomo, mama akaanguka kwenye changarawe. Kaka mkubwa alichomoa panga kwenye gunia la majani nyuma ya pikipiki yake. Nilipiga kelele, "Kosa ni langu! Mimi ndiye niliyekosea!" lakini hata sikujua bado nilikosea wapi, nilijua tu kwamba mama huyo hakuua mtu. Jiwe lilinipata mdomoni, meno matatu yakaingia kooni. Nikiwa nimepiga magoti niliona Mama Mutheu akiinua mkono wa kushoto kujikinga. Panga lilishuka mara moja. Mkono ulibaki ukining'inia kwa mshipa, na mama alikuwa akiutazama kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine.

Aliyezuia pigo la pili ni Mama Mumo, mama wa marehemu. Alijitupa juu ya yule mjane kifudifudi. Kisha mwanakwaya mmoja akajitupa juu yake, na mwingine, mpaka ikawa lundo la nguo nyeupe juu ya changarawe. "Nikate mimi!" Mama Mumo alimpigia mwanawe kelele kutoka chini. "Nikate mimi niliyekuzaa, kisha umfikie!" Panga lilimpata mmoja begani kabla kijana hajaielewa ile sauti. Alipoielewa aliliachia, akaketi chini akalia kama aliyepigwa yeye.

Pikapu ilituchukua wote hadi Mutomo. Karani alikuwa na siku tatu tangu apasuliwe. Alisikia kelele, akatoka wodini ameshika nyuzi za tumbo kwa mkono mmoja na tepu yake kwa mwingine. Mama Mutheu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, akingoja kuingizwa ndani, na kiganja chake kilikuwa kimefungwa katika leso kando yake. Karani alinyoosha tepu. Kisha akaikunja tena. Nilimjua mtu huyo miaka mingi, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoona jeraha lisilopimwa.

Akanigeukia. "Uliiambia mashine nini?"

Nilimweleza, damu ikinitoka mdomoni.

"Jina la juu ni la aliyekuja kusema," alisema polepole. "Namweka juu kwa sababu yeye ndiye aliyethubutu. Wa chini ndiye aliyetenda. Chini kabisa, anapostahili. Mashine ilisoma vizuri?"

"Kila herufi."

"Basi haina kosa."

Alichukua simu yangu, akasema kwa sauti yake ya besi ili kikundi kizima kisikie: "Hapa ni Karani. Orodha imepinduliwa. Mliowaona juu hawakumkata mtu, walikuja kusema. Mama Mutheu hakumuua Mumo." Hakusema ni nani aliyemuua. Lakini watu wanajua kupindua orodha. Alasiri hiyo kaka wa Mumo walimkuta Nzioka kwenye kibanda cha chai, wakamvunja miguu yote miwili kwa mipini ya sururu kabla polisi hawajafika. Nyumba mbili za mashahidi wengine zilichomwa kabla ya Jumanne, na kikao kikavunjika. Watu walihama na mbuzi wao. Kila mmoja alikuwa amemwamini Karani kwamba jina lake halitatoka katika sanduku bila ridhaa yake mwenyewe, na mimi ndimi niliyelitoa.

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alichofanya, baada ya kupona, ni kusafiri mwenyewe kwa Mwende na kuketi kando yake majuma matatu. Walianza upya. Safari hii wakala aliagizwa asimame kila ukurasa, na pale huduma ilipolitilia shaka neno aulize, asibahatishe. Mwende aliniambia Karani aliufurahia mpango huo. "Huyu angalau akiwa hajui anasema hajui," alimwambia. Niliyapokea maneno hayo kama dawa chungu.

Miezi ilipita bila yeye kuniita kwa lolote. Kisha asubuhi moja alisimama uani kwangu, kofia mkononi. "Mzee, chukua koti. Twende tukamwone Mama Mutheu."

Alikuwa akiishi kwa dada yake huko Sultan Hamud, nyuma ya maduka. Kesi ya Nzioka ilikuwa inakuja mahakamani, na dhidi yake hakukuwa na kitu ila macho ya mama huyu na ukurasa mmoja. Tulimkuta akibambua mbaazi, ungo mapajani, kigutu cha mkono wa kushoto kikiushikilia usiteleze.

"Karibuni. Viti viko ndani, jileteeni wenyewe. Mimi mkono ni mmoja siku hizi."

Karani hakuketi. Alifungua daftari mbele yake. "Mwaitu, mama yetu, ukurasa wako ni huu. Sijawahi kuchana ukurasa tangu nianze. Ukiniambia nichane, nachana sasa hivi, na Mwende anafuta kule kwake. Hakuna atakayekuita mahakamani."

"Na Nzioka?"

"Atatoka."

"Akitoka nitalala?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Mama Mumo huniletea unga. Anapanda gari mbili na mgongo mbaya hivyo. Nimwambie nini, eti nimesahau ni nani alimuulia mtoto?"

"Kwa hiyo nisichane."

"Usichane. Chukua karatasi mpya uandike mkono wangu. Hakuna aliyeniuliza habari za mkono wangu, wote wananipa pole tu."

Karani aliketi chini, kwenye vumbi, kalamu kati ya vidole vyake. Alimuuliza kama alivyowauliza wote: nani, na alisimama wapi. Mama Mutheu alimtaja kaka mkubwa wa Mumo. Alimtaja Nzioka na ngumi yake. Sauti haikutetemeka. Kisha Karani, bila kuinua kichwa, akauliza, "Na aliyeiambia mashine?"

Mama Mutheu alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Huyo aseme mwenyewe."

Nilisema. Nilisema juu ya kitabu cha nidhamu, na juu ya Mwende aliyetaka tungoje, na juu ya ufunguo niliopewa kwa sharti moja. Nilisema nilipenda kupigiwa makofi. Karani aliandika yote, na niliposita alingoja.

"Na mahakamani," Mama Mutheu aliuliza, "utayasema hayo Nzioka akikutazama? Na pale kanisani, mbele ya benchi la tatu?"

"Nitasema."

"Hutasema umezeeka, umesahau?"

"Sitasema hivyo, mwaitu."

Akausukuma ungo mbele. "Basi shika hii, mzee. Kigutu kimechoka."

Nilipiga magoti nikaushika ungo kwa mikono yangu miwili, naye akabambua mbaazi kwa mkono wake mmoja, na Karani akaendelea kuandika.

Nawe uliyevumilia kusoma mpaka hapa, Bwana akutangulie unakokwenda. Akupe ulimi unaouliza kabla haujajibu, akulinde na panga na neno lililotumwa kwa haraka, na siku utakapoanguka chini bila hatia, akuinulie watu wa kulala juu yako. Amina.